Mlango wa Nane wa Choo cha Shule

Siku nilipochaguliwa kwenye kamati ya kupokea vifaa vya ujenzi, sikuwepo mkutanoni. Nilikuwa kwenye cherehani yangu sokoni Mwanga, nakunja pindo la sare, jirani yangu muuza dagaa akaniletea habari: "Mama, umepita bila kupingwa." Kumbe wote waliokuwepo walikuwa wameshakataa.

Serikali ilikuwa imeidhinisha fedha za vyoo vya shule ya msingi mtaani kwetu, Gungu. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilicholetwa. Nilihesabu mifuko ya saruji, nikapima mbao kwa futi yangu ya ushonaji, hadi fundi akaniuliza kama choo nakishonea suruali.

Ujenzi ulipokwisha, taarifa ya mapato na matumizi ikabandikwa nje ya ofisi ya mtaa. Ilisema milango minane. Nikaenda shuleni kuhesabu. Saba. Chumba cha mwisho, upande wa wasichana, kilikuwa kimetundikwa gunia.

Mtendaji wa mtaa, kijana mpole tuliyempenda, aliitisha kikao. Tukakaa wajumbe watano kuizunguka meza yake mpya, iliyofunikwa kitenge.

"Shikamoo mama. Huenda umehesabu vibaya," alisema.

"Marahaba mwanangu. Vidole ninavyo kumi. Saba haiwezi kunishinda."

Nikainama nisaini mahudhurio. Kalamu ikatoboa karatasi, ikatoboa na kitenge, ikazama. Nikafunua kitenge niitafute. Ilikuwa imezama kwenye tundu la ufunguo, na pembeni mwa meza bawaba za mlango bado zimekazwa.

Kisha mjumbe wetu mmoja, mzee wa Ujiji aliyestaafu uvuvi, akagonga ile meza mara tatu.

"Hodi," akasema.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mtendaji naye alicheka, kisha akajifuta macho, na hayakuwa machozi ya kicheko tu.

"Fungu la fedha za meza ya ofisi liliidhinishwa tangu naripoti kazini," alisema. "Halijafika. Nilikuwa naandikia magotini."

Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nayo pia.

"Watoto wa kike wanashikiana gunia wapate kujisitiri," nikamwambia. "Wewe mlango huu ulikuwa unakusitiri nini?"

Akainamisha kichwa. Katibu wa kikao akauliza aandike meza imepotea au mlango umepatikana, tukabishana hadi adhuhuri. Tukaandika mlango umepatikana, na ulikopatikana.

Kesho yake mtendaji aliufunga mlango kwa kamba nyuma ya bodaboda, akaurudisha shuleni mwenyewe. Njia nzima watu walimuuliza anahamia wapi. Kwenye mkutano wa hadhara aliomba radhi, watu wakamsamehe. Ila mama mmoja akasimama, akauliza: hilo fungu la meza, nani alilipokea?

Tukaandika barua kwa halmashauri kuuliza hilo, mtendaji akiwa wa kwanza kusaini. Jibu lilikuja mvua zilipokatika: suala linafanyiwa kazi. Tukaandika nyingine.