Mkono Uliobaki Begani

Huguette hakuwa akiisoma programu ile ya picha, alikuwa akiihesabu. Kiingereza kilimpita kando, maana shule aliisomea kwao Butembo kwa Kifaransa. Katika kistudio chake cha soko la Kalerwe, ugenini, alifungua orodha ya amri, akahesabu mpaka mstari wa tatu kutoka juu, akabonyeza. Huo ulihifadhi nakala mpya na kuiacha picha ya mteja salama. Kazi yote aliifanyia ndani ya kadi ya kumbukumbu ya mteja mwenyewe, kwani kompyuta yake ilikwisha kujaa zamani. Miaka sita hakuwahi kukosea.

Siku ya Jumanne, Oyugi, fundi wa kompyuta wa jirani kutoka Kenya, akamwekea toleo jipya. La bure, alisema. Bure kweli! Waungwana walioitengeneza, huko waliko, walikuwa wameamka siku moja wakaipanga upya mistari yote. Wa tatu sasa ulifuta picha ya asili na kuandika juu yake.

Mchana akaja Mbambu, ambaye mumewe, Heritier, alichukuliwa kwao Butembo asirudi tena. Kadi yake ilikuwa na picha moja tu: wanaume watano mbele ya duka.

"Unitolee bwana yangu peke yake, niweke ku fremu," alisema. "Lakini hii ya watano usiiguse. Huyu mwenye kumushika ku bega, ni yeye alimuuzisha kwa wale wenye kumuchukua. Jana nimemuona hapa sokoni. Kesho napeleka sura yake kwa wakili."

"Usiogope, mama."

Huguette akawaondoa wale wanne, akahesabu: moja, mbili, tatu. Programu ikauliza jambo kwa Kiingereza. Akakubali kama siku zote, akafunga. Alipoifungua kadi alikuta picha moja badala ya mbili. Heritier alikuwa peke yake, na begani pake mkono usio na mwenyewe, umevaa saa ya kamba nyekundu.

Mbambu alikuwa akingoja pale pale. Aliitazama picha, akaulizia sura ya yule mtu, akaulizia tena, kisha akaondoka bila kadi. Huguette alijichukia.

Haikupita nusu saa, mwanamume akaingia, akaegemea meza.

"Dada, yule mama ameleta picha ya watu watano. Iko wapi?"

"Imefutika," alisema Huguette, na ilikuwa kweli.

Mtu yule akacheka polepole. Kamba ya saa yake ilikuwa nyekundu.

"Aksanti, dada. Umefanya kazi muzuri. Fremu yake ikiwa tayari, unipe miye. Nitamupelekea kwake."