Mbari: Kaseti ya Mama Pauline

Mke wangu Edinah, Mama Pauline, hakuwa mwimbaji. Watu wa Kabuchai watakuambia hivyo, na ni kweli. Kanisani alisimama mstari wa nyuma na hakusikika. Mwalimu wa kwaya alimwuliza siku moja, "Mama Edinah, wewe unaimba ama unaomba maji ya kunywa?" Alicheka naye, na Jumapili iliyofuata akasimama palepale nyuma.

Sauti yake ilikuwa ya ndani ya nyumba.

Nilimwoa mwaka wa sitini na saba. Baada ya mavuno nikaenda Kitale kukamua ng'ombe kwa shamba la mzungu, yeye akabaki kwa mama yangu miaka miwili. Halafu akanifuata. Tulipewa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi, ukuta ni mabati. Wakamuaji huamka mapema sana, kwa hivyo jua likishaingia kambi yote imelala. Nilikuwa na gitaa. Nilipiga kwa nyama ya kidole gumba, si kwa ukucha, jirani asiamke. Na yeye aliimba hivyo hivyo, karibu na sikio langu, kama mtu anakuambia jambo la nyumba. Jirani yetu Kiplagat alitusimamisha asubuhi moja akasema, "Jana mliniimbia vizuri." Tukaomba msamaha. Akasema, "Msamaha wa nini? Leo muongeze."

Tuliimba hivyo miaka zaidi ya thelathini. Tulirudi Kabuchai tukalima mahindi. Tulizaa watoto sita, wawili tukazika. Alibeba ndizi hadi soko la Misikhu, akarudi miguu imevimba, akapika, akaketi. Akiketi mimi nachukua gitaa. Hatukuambiana tuanze.

Binti yetu Pauline alikuwa karani Kitale. Ni yeye alimwambia Kinyua juu yetu. Kinyua alikuwa na chumba cha kurekodi nyuma ya duka la viatu, anarekodi kwaya na wahubiri. Mwaka wa elfu mbili na tatu alituita. Tulienda na nguo za kanisa. Alikuwa na maikrofoni mbili, na moja ilikufa asubuhi hiyo hiyo.

"Basi mtakaa karibu," akasema. "Kama watu wa kitanda kimoja."

"Wewe kijana una adabu kweli?" Mama Pauline akamwuliza. Lakini alivuta kiti. Magoti yetu yaligusana. Tuliimba nyimbo nane na tukaenda nyumbani.

Kwa ile kaseti unasikia kila kitu. Unasikia kidole changu kikiteleza kwa waya. Kiti kinalia. Yeye anavuta pumzi kabla ya neno. Alikuwa anachelewa kidogo nyuma ya gitaa, kama mtu anafikiri aseme au anyamaze. Kinyua alisema hiyo ndiyo jazz yenyewe. Kwetu kila kitu kiko na gitaa ni jazz, kwa hivyo hatukubisha. Akaandika kwa karatasi ya kaseti: Edinah na Mukhisa Jazz. Sokoni walitucheka. "Jazz ya watu wawili? Hao wengine wameenda kukojoa?"

Wimbo wa kwanza aliutunga ile miaka miwili nilikuwa Kitale na yeye kwa mama yangu. Unasema, *Wewe uko mbari, sufuria iko moto. Mbari, mbari, nimekuwekea sahani.* Alitaka kusema mbali. Ulimi wa kwetu hautenganishi l na r. Kinyua ni Mkikuyu wa kutoka Nyeri. Aliandika alivyosikia, kwa herufi kubwa, ndiyo jina la kaseti: MBARI.

Pauline alipoisoma alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, umesema mbari!"

"Si ndivyo nimesema? Mbari."

"Mbali, mama."

"Sasa mimi nimesema nini? Mbari!"

Alituangalia sisi wote kama watu wamekunywa. Akaachana nasi.

Aliaga mwaka wa elfu mbili na nane, mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa sukari. Walimkata vidole vya mguu, halafu mguu, halafu akachoka. Sina mengi ya kusema hapo.

Baada ya mazishi watu walirudi makwao. Mimi niliweka kaseti. Niliiweka kila siku. Gitaa sikugusa. Kaseti inatosha, kwa sababu niko ndani yake na yeye, na magoti yetu yanagusana. Mwezi wa tatu redio ikaanza kuitafuna. Nilichomoa utepe pole pole, nikauzungusha kwa kalamu, nikaurudisha. Ikatafuna tena. Nikaunganisha na Sellotape. Mara ya tatu ilikatika vipande na mimi nikakaa navyo mkononi mpaka uji ukapoa.

Hapo ndipo nilijua sasa amekwenda. Siku ya kaburi sikujua.

Nilienda Kitale kumtafuta Kinyua. Chumba cha kurekodi hakuna tena, anauza simu na kuchaji betri. Nilimwuliza ile kaseti mama, ile ya kwanza kabisa.

Alijikuna kichwa. "Mzee, kaseti tupu zilikuwa shida. Nilirekodi mahubiri juu yake."

"Yote?"

"Pande zote mbili, mzee. Nisamehe."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa nguvu gani? Alinipa kiti na soda. Halafu akasema kuna mama mmoja wa nafaka, Rahab, karibu na mashine ya kusaga. Huyo bado anaisikiliza kila siku. "Mpaka wateja wanamwambia abadilishe."

Nilimkuta ameketi katikati ya magunia. Mama mnene, kitambaa kichwani, miwani imefungwa na uzi. Redio ilikuwa juu ya gunia la maharagwe. Nilisema mimi ni nani. Aliondoa miwani.

"Wewe ndiye gitaa?"

"Ni mimi."

"Na mama?"

"Tulimzika mwaka jana."

"Ngai, Mungu wangu." Akaonyesha debe kando ya magunia. "Keti, baba. Toa hiyo debe ukae."

Nilimwambia shida yangu. Sikuzungusha maneno. Nilisema nataka hiyo kaseti, ya kwangu imekufa.

Alitingisha kichwa. "Kitu kingine chochote kwa hili duka, chukua. Hiyo hapana." Akaangalia nje. "Watoto wangu walienda Nyahururu baada ya ile fujo ya uchaguzi. Ndugu zangu pia. Shamba liliuzwa. Mimi nilibaki na magunia. Sasa mke wako anaimba, mbari, mbari, nimekuwekea sahani. Unajua mbari kwetu Wakikuyu ni nini? Ni watu wa nyumba moja kubwa, wale walitoka kwa babu mmoja. Anawaita wote waje kula. Mimi najiuliza, huyu mama Mbukusu alijuaje mambo yetu?"

Nilikaa na hiyo debe chini yangu. Ningenyamaza. Lakini maneno yalikuwa ya Mama Pauline, si yangu kuyageuza.

"Mama," nikasema, "alitaka kusema mbali. Mbali ya safari. Ulimi wa kwetu ndio huo."

"Mbali?"

"Ndiyo."

"Sasa alikuwa anamwita nani?"

"Mimi. Nilikuwa hapa Kitale nikikamua."

"Kwa hivyo si watu wangu."

"Si watu wako."

Mteja alikuja akapimiwa mahindi akaenda. Rahab alirudi, akafungua redio, akatoa kaseti na kuiweka juu ya goti langu.

"Chukua. Sasa kumbe nilikuwa nasikiliza barua ya mtu mwingine."

Nilikuwa nimeipata. Nilitoka nyumbani kwa ajili ya hiyo tu, na sasa ilikuwa kwa goti langu, na karatasi yake imechakaa kwa kushikwa. Nilimwangalia. Alikuwa anapanga gorogoro zake, makopo ya kupimia, moja ndani ya nyingine, na zilikuwa zimepangwa tayari.

"Redio yangu inatafuna," nikamwambia. "Hii ikiingia pale itakwisha kwa mwezi. Wacha ikae hapa kwa redio imeizoea. Mimi nitatafuta kaseti tupu tunakili."

"Na mimi nitafanya nini na mbali?"

"Sijui, mama."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Bado nitasikia mbari tu. Masikio yangu ni mazee, hayafundishiki."

Kinyua alileta kaseti tupu na redio ya pili. Mashine ya kunakili yenye midomo miwili hakuwa nayo tena, kwa hivyo tulifanya ile ya zamani: redio mbili juu ya gunia, zinaangaliana, moja inaimba, nyingine inasikiliza. Kinyua alivuta mlango. Alituonyesha kidole mdomoni. Mashine ya kusaga jirani haikujua kidole cha mtu, ikaendelea kunguruma.

Mama Pauline alivuta pumzi. Akaimba.

Sisi watatu tulisimama pale kama watu wa kanisa. Wimbo wa kwanza ulipofika kwa sahani, Rahab akaanza kulia. Alijaribu kujizuia na kitambaa, lakini pua ilimshinda. Kinyua alimwangalia, halafu akaangalia redio. Wimbo wa tatu mtu akagonga mlango akapaza sauti, "Hodi! Mama, maharagwe gorogoro ni ngapi leo?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Haya basi," akaenda.

Kinyua alitaka tuanze upya. "Imeharibika, mzee. Iko na kelele."

Nilikuwa nimechoka. Niliona pia Rahab amechoka. Nikasema iendelee.

Hiyo ndiyo kaseti niko nayo. Nilinunua redio nyingine, ya mtumba, haijatafuna bado. Siiweki kila siku. Naiweka Jumapili nikitoka kanisani, wimbo wa kwanza mpaka wa nane, nageuza, nazima. Chini ya sauti ya Mama Pauline kuna mashine ya kusaga, na mama wa Kitale analia. Pauline anasema kuna watu Bungoma wanaweza kuondoa kelele kwa kompyuta. Nimemwambia awaache.