Chemchemi Tuliyoizungushia Ua

Kijijini kwetu Kalembe chemchemi ilikuwa na sheria moja: wanawake huchota juu, ng'ombe hunywa chini. Nilisaidia kupanda ua wa matete kuizunguka, na mfugaji ambaye ng'ombe wake waliuvunja tulimsema mbele ya watu baada ya misa.

Wachimba changarawe walipotaka uwanda wa kando ya mto, wazee wa kijiji waliniomba niandike barua ya kuwaruhusu, kwa kuwa nilimaliza sekondari. Niliandika kwamba shimo litakuwa mbali na chemchemi, tena chini yake, kwa hiyo maji yetu hayataguswa. Mama mmoja muuza maziwa aliniuliza, "Papa, na maji yenye kupita chini ya udongo?"

"Mama, sisi tunaogopa ng'ombe zako, hatuogope mawe."

Watu walicheka. Muda si mrefu nikahama kijiji, kama nilivyozoea kuhamahama, nikaishi Shasha, kisha Muheto, nikiyakumbuka maji yale kila nilipokunywa mengine.

Nimerudi mwaka huu. Shimo la changarawe limeyavuta maji ya chemchemi upande wake. Limejaa, na watu wanaoshea pikipiki humo. Ua wetu bado umesimama, haujakanyagwa na kwato hata moja, na ndani yake kuna tope tu. Yule mama na wenzake walikuwa wakichimba hapo kuyatafuta maji. Alininyooshea jembe, akasema, "Shuka basi, Papa." Nilichimba mpaka kishimo chetu kikanifika kiunoni. Nilichokikuta ni changarawe, kavu.