Sabuni ya Mama Mkwe

Enzi za Wajerumani nilikuwa mkalimani bomani Dodoma. Kesi nyingi nimezisahau, lakini ile ya sabuni siisahau, maana niliwatafsiria watu wawili kutoka Kigogo kwenda Kigogo.

Jamaa mmoja alikuwa akipika sabuni ya majivu na mafuta ya kondoo, na Bwana Shauri, Mjerumani aliyesimamia boma, alimpa ruhusa ya kuuza sokoni peke yake. Baadaye mama mkwe wake akaleta ya kwake, ya majivu na mafuta ya nyonyo. Jamaa akamshtaki. Kwa desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Basi wakaketi wamepeana migongo, mimi katikati nikirudia maneno ambayo kila mmoja alishayasikia.

Akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kutusimamia, alikwisha kumpiga mama marufuku kuuza. "Mafuta ni mafuta," alisema. "Kutoa ya kondoo na kutia ya nyonyo, nani asingewaza hilo? Hajabuni kitu, ni sabuni ile ile."

Mama akakata rufaa kwa Bwana Shauri.

"Muulize," Bwana Shauri akaniambia, "sabuni yake ina nini ambacho ya mkwewe haina?"

"Inatoa povu kwenye maji ya chumvi," mama akajibu.

Watu wakacheka. Kwenye maji ya visima vyetu, yenye chumvi, sabuni zote tulizozijua ziliganda kama maziwa yaliyoharibika. Bwana Shauri akaagiza ndoo ya maji ya kisima, kisha akaulizia nguo chafu. Macho yote yakaelekea kwenye kanzu ya akida.

Akaivua shingo upande, akajifunga blanketi la askari. Upande wa kulia ukafuliwa kwa sabuni ya jamaa, wa kushoto kwa ya mama. Kulia mafuta yakaganda. Kushoto povu likafurika mpaka kwenye buti za Bwana Shauri.

"Unasema kila mtu angewaza hili," Bwana Shauri akamwambia akida. "Mbona miaka yote unavaa kanzu ya rangi ya vumbi?"

Akida alikuwa anahangaika na blanketi.

Mama akashinda. Jamaa akaninong'oneza, "Mwambie mama, nina punda. Naweza kumbebea mbegu za nyonyo."

Kabla sijafungua mdomo, mama akasema, "Mwambie nimekubali. Ila aache kunuka kondoo, binti yangu analalamika."

Nikatafsiri yote kwa sauti ya bomani, neno kwa neno. Akida akaenda zake na kanzu mbichi, nusu nyeupe, mbwa wa sokoni wakimfuata upande wa kulia.