Barua Arobaini na Moja za Kumsifu Norberto

Katika miaka thelathini ya ndoa hakuna aliyewahi kumsikia Deolinda Raposo akimsifu mumewe. Norberto akipaka rangi ukuta, Deolinda atamwonyesha kona aliyoiruka. Akipika supu ya sukuma na maharagwe, ataambiwa chumvi imezidi, na bakuli litarudi jikoni tupu. Ndivyo alivyo, na Norberto alishamzoea. Lakini mwaka ule mji mzima uliamua kumsifu Norberto kwa mpigo, na sifa hizo nusura zimuue Deolinda kwa hasira.

Chanzo kilikuwa nyaya za shaba. Norberto akiwa na miaka ishirini na miwili, yeye na binamu yake waliingia kiwanda cha nguo kilichofungwa, wakang'oa nyaya ili wakaziuze. Hawakufika hata kona ya barabara. Wakili aliyepewa na serikali akamwambia akubali kosa, apate kifungo cha nje cha mwaka mmoja, arudi nyumbani akale. Akakubali, akarudi, akala. Sheria ya jimbo la Massachusetts, huko Marekani, inamtaka jaji amwonye kwanza mtu asiye raia kwamba kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Jaji wa siku ile hakumwonya.

Na raia Norberto hakuwa. Aliletwa Marekani kutoka visiwa vya Azores vya Ureno akiwa na miaka minne, na kila mwaka aliahidi kuomba uraia mwaka unaofuata, Deolinda akasema mpaka mate yakamkauka. Kisha mama yake akafia kisiwani. Akaenda kumzika, na aliporudi, ofisa wa uwanja wa ndege akabonyeza kompyuta na zile nyaya zikatokea. Sasa zilibaki wiki tatu asimame mbele ya jaji wa uhamiaji. Ile hukumu ya zamani isipofutwa kabla ya hapo, angerudishwa kwenye kisiwa ambacho hajui hata mkate unauzwa wapi.

Wakili wao, binti mmoja aitwaye Tierney, aliwaeleza taratibu mezani kwao.

"Jaji akifuta hukumu kwa huruma, watu wa uhamiaji hawaitambui. Akifuta kwa sababu Norberto amekuwa mtu mwema, hawaitambui vilevile. Lazima afute kwa sababu mahakama ilikosea siku ile. Hakuonywa. Basi, hatuna lingine."

"Lakini ni mtu mwema kweli," akasema Zulmira, dada yake Norberto, aliyekuwa amejikaribisha kwenye kikao.

"Najua, Bi Zulmira. Tusiseme."

Kumwambia Zulmira asiseme ni kujisumbua bure. Ndani ya siku kumi alikuwa amekusanya barua arobaini na moja. Padri aliandika. Mwoka mikate aliandika. Klabu ya Roho Mtakatifu, ya watu waliotoka visiwani, iliandika kurasa tatu kuhusu namna Norberto anavyokoroga masufuria ya sikukuu. Mjane wa jirani aliandika kwamba theluji ya mlangoni pake huondolewa kabla hajaamka.

"Wifi, ulimsikia wakili?" Deolinda akamuuliza.

"Nilimsikia. Katoto ka juzi kale. Jaji gani anachukia mtu mwema?"

"Hizo barua ziache hapa."

"Nishazipeleka mahakamani, wifi. Nimezipeleka mwenyewe kwa mkono."

Deolinda alitoka nje akasimama uani bila koti, maana angebaki ndani angesema la kujutia.

Siku ya kesi, katika mahakama ile ile iliyomhukumu zamani, Jaji Whitcomb alikuwa mzee mpole, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Alizisoma barua zote, nyingine kwa sauti, akitabasamu. Tierney alieleza habari ya onyo mara tatu. Mwendesha mashtaka hakupinga. Jaji akaandika, akatia saini, akampongeza Norberto. Tierney, aliyekuwa anaitwa kwenye kesi nyingine ghorofa ya juu, akapanda ngazi mbio kabla karatasi haijatolewa.

Nje ukumbini watu wa klabu walikuwa wanakumbatiana, Zulmira akilia na kumbusu kila mtu. Deolinda peke yake ndiye aliyesoma. "Kwa kuwa mwombaji ameishi maisha ya kupigiwa mfano, na kwa kuwa familia yake itaumia akifukuzwa, hukumu inafutwa." Akasoma tena. Habari ya onyo haikuwamo.

"Mmemfukuza," akawaambia. "Nyie na barua zenu, mmemfukuza."

Akarudi ndani. Karani akamzuia mlangoni. "Mama, si mmeshinda?"

"Bado," akasema, akampita.

Jaji alikuwa ananyanyuka, na mwendesha mashtaka alikuwa bado anafunga mkoba. Deolinda akaiweka karatasi mezani. "Mheshimiwa, naomba ufute hapa unaposema mume wangu ni mtu mwema."

"Nifute?"

"Ndiyo. Uandike kwamba jaji wa siku ile hakumwonya."

Whitcomb akavua miwani. Jaji yule alikuwa marehemu, na picha yake ilining'inia ukutani nyuma yao. "Yule alikuwa rafiki yangu, mama. Ndiye aliyenifundisha kazi."

Deolinda alielewa, na hasira zikampanda upya. Huruma walikuwa tayari kumpa debe zima, kumbe kilichowashinda ni kusema tulikosea.

"Sisemi alikuwa mbaya," akasema. "Alisahau. Na mume wangu aliiba nyaya, hatukatai. Yeye amelisema kosa lake miaka yote hii. Na nyie semeni lenu."

Jaji akamtazama mwendesha mashtaka. "Kumbukumbu ya kesi ile haina onyo, Mheshimiwa," akajibu yule. "Hilo hatujalipinga."

Mzee akakaa. Akapiga mstari juu ya maneno yake mazuri yote, moja baada ya jingine, akaandika sentensi mbili mpya kwamba mwombaji hakuonywa kama sheria inavyotaka na kwamba hukumu inafutwa kwa kosa hilo. Akatia saini na tarehe.

Norberto aliisoma garini, polepole, kidole juu ya kila mstari uliofutwa.

"Halijabaki hata neno moja zuri juu yangu," akasema.

Deolinda alikuwa ameshika usukani na hajawasha gari, maana machozi yalimjaa machoni.

"Halijabaki," akasema. "Hayo nitakwambia mimi, nyumbani."