Maji Yasiyodondoka

Tuda, mkunga wa mji wa Midelt, Moroko, aliwafikia wazazi wa vijiji vya mlimani kwa gari kuukuu aliloachiwa na marehemu mumewe. Baridi ya mwaka ule ilipoingia, gari likaanza visa. Kila akiwasha hita, kioo cha mbele kinazibwa na ukungu. Akikifuta, kinabaki na utelezi kama wa mafuta, na malori yanayokuja anayaona madoadoa.

"Ni macho haya, uzee umefika," akajisemea.

Rejeta nayo ilitaka kuongezwa maji kila asubuhi, ilhali chini ya gari hapakuonekana hata tone. Maji yalikwenda wapi? Akapanda basi hadi Meknes kwa daktari wa macho. Daktari akammulika, akacheka.

"Mama, macho yako mazima kuliko yangu."

Badala ya kufurahi, Tuda alizidi kuchanganyikiwa. Kama si macho, basi ni akili? Akamwambia bintiye kwamba anaacha kazi.

Kesho yake asubuhi simu ikalia: Yamna wa kule juu ameshikwa na uchungu. Hakuna mkunga mwingine. Tuda akapitia kwa fundi Bassu ampimie maji. Bassu akaketi kiti cha abiria, mara akaruka.

"Mama, umemwaga nini humu? Soksi zangu zimelowa!"

"Sijamwaga kitu mie."

Bassu akafunua zulia, akanusa vidole. "Haya si maji ya rejeta haya? Harufu tamutamu ya ile dawa yake. Hita imetoboka ndani ya dashibodi. Maji yanavujia humu, na mvuke wake ndio unaopaka kioo."

"Wiki tatu nimekula karoti kama sungura, eti natibu macho, Bassu!"

"Sasa mpe gari hizo karoti."

Akaichomoa mipira miwili iendayo kwenye hita, akaiunganisha kwa kipande cha bomba, akakaza vibano, ili maji yazunguke bila kupita kwenye hita. Kisha akakisugua kioo kwa sabuni.

"Utaona vizuri, ila utaganda."

Tuda akavaa kanzu mbili za sufu, akapanda mlima. Kioo kilikuwa safi, lakini mkono wake haukuamini, ukawa unakifuta tu. Alimkuta Yamna yu tayari. Mtoto wa kike akatoka akilia kwa nguvu.

"Mbona na wewe unalia, mama?" Yamna akauliza.

"Hata sijui, mwanangu," Tuda akajibu, akitafuta mkasi wa kukatia kitovu.