Mguu Uliopakwa Hina

Bado nimekasirika, wasomaji wangu, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Mguu wangu wa kushoto una matende, na daktari bingwa wa uvimbe huja Mombasa kwa nadra. Siku moja kabla ya kliniki yake, shangazi yangu wa Kibokoni aliupaka mguu huo hina hadi gotini ili upoe moto. Nikamwacha, nikidhani utapendeza mbele ya daktari.

Hospitalini, foleni haikusogea. Nikawaka. Nikamfokea muuguzi kwamba wenye matende tunadharauliwa, hakuna anayetaka hata kuitazama miguu yetu. Wagonjwa wenzangu wakaniunga mkono.

“Njoo basi, kaka, tuutazame,” akasema muuguzi.

Nikapandisha kikoi kwa fahari. Daktari akatoka chumbani mwake, akainama, akasugua ngozi kwa kidole.

“Siufungi bandeji kabla sijajua kama ngozi ni nyekundu kwa maambukizi,” akasema. “Hapa naona hina tu. Rudi ikishafifia.”

“Utakuja lini tena?”

“Baada ya Ramadhani.”

Mzee mmoja wa foleni aliyekuwa akinishangilia akainama kuchungulia.

“Na huo wa pili, mwanangu, mbona haukupakwa? Au bibi harusi ana mguu mmoja?”